Maneno Ishirini ya Mzee Birech

Jumamosi iliyopita nilienda mtaa wa Elgon View, Eldoret, kwa matanga ya Daktari Makokha. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwenye nyasi, magari yamejaa mpaka nje ya geti, na mimi nikakaa nyuma kabisa karibu na masufuria ya wapishi, kwa sababu nimekuwa mtu wa kukaa nyuma tangu utoto na uzee haujanibadilisha. Watu walisimama wakasema mengi mema juu ya marehemu: wanafunzi aliowafundisha, watoto viziwi aliowapeleka shule, kanisa alilolinunulia mabati. Mwaka niliofanya kazi naye haukutajwa na mtu. Sikushangaa. Nadhani hata yeye hakuwa akiutaja nyumbani kwake. Chakula kilipoanza kugawiwa, Fundi Ouma, mwenzetu wa mwaka ule, alinikuta pale nyuma. Siku hizi anatembea na mkongojo, na koti linamning'inia mabegani kama limetundikwa. Alinipa boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya katani. "Rael, mjane anasema hii ni ya watu wa chumba cha mayai," akasema. "Mimi nimeshaangalia yangu. Iliyobaki ni yako." Sikulifungua pale. Nilirudi nalo nyumbani, nikaliweka mezani, na limekaa hapo siku tatu huku nikiandika haya. Huwa naandika polepole. Ni jambo ambalo itabidi nilieleze.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya themanini, nilikuwa na miaka kumi na tisa na elimu ya darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa kufagia zahanati moja nyuma ya soko la Eldoret na kuwaita wagonjwa majina. Kufagia niliweza. Kuita kulinishinda, maana sauti yangu ilikuwa ndogo na haikupanda hata nikiisukuma, na kila siku kulikuwa na mama fulani wa kulalamika kwamba amekaa tangu asubuhi na jina lake halijaitwa, kumbe nimeliita mara tatu. Daktari Makokha alikuwa amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Alikuwa kijana mrefu, mpole, wa kufunga shati mpaka kifungo cha juu. Siku moja alisimama kwenye korido akanisikiliza nikiita, wagonjwa hawaitiki, na badala ya kunigombeza akamwambia Fundi Ouma, "Huyu ndiye ninayemtaka. Sauti yake haipandi wala haishuki." Hakuna mtu aliyewahi kuisifu sauti yangu kabla ya siku hiyo, na hakuna aliyeisifu baadaye.

Alichokuwa akitafuta Daktari kilikuwa hiki. Katika mashamba yaliyozunguka mji, kuanzia Sugoi mpaka Timboroa, kulikuwa na wazee waliopelekwa na Wazungu vitani Burma walipokuwa vijana. Waliponea mizinga na bunduki, wakarudi, wakalima. Daktari aliamini wengi wao walirudi na masikio yaliyoharibika, na kwamba waliowapeleka walipaswa kuwatibu. Lakini kuamini si kuthibitisha. Alitaka kuwapima mmoja mmoja, kila mzee na fomu yake, fomu ziende Nairobi na kutoka Nairobi zivuke bahari, ili wazee wapate vifaa vya kusaidia kusikia na fidia ya miaka yao. Hakuna aliyemtuma. Alifanya kazi hiyo juu ya kazi yake ya kawaida, na wakubwa wake walimwacha tu kwa kuwa walikuwa bado hawajaona inaelekea wapi.

Kupima sikio kunahitaji kimya, na Eldoret haikuwa na kimya. Fundi Ouma, aliyekuwa akitengeneza redio na vyombo vya zahanati, alichukua stoo ya nyuma akaijaza kimya kwa mikono yake. Aligongelea magodoro ya katani ukutani, juu yake akapanga trei za mayai alizoomba hotelini na kwa wauza mayai sokoni, mpaka ukiingia ulijiona umeingia ndani ya mdomo wenye meno ya karatasi. Chumba kilinuka mayai mabovu na blanketi la jeshi lililokuwa mlangoni. Shida moja haikuweza kugongelewa godoro: kisiagi cha jirani. Kilisaga mahindi kutwa nzima na ardhi ikatetemeka. Kilinyamaza saa saba tu, mwenyewe alipoenda kula, kikaanza tena saa nane. Kwa hiyo sisi tulifanya kazi saa ya chakula cha wengine, na tulikula saa nane na nusu, chakula kimepoa. Daktari alikula mkate na chai ya chupa. Ouma alileta omena kwenye kopo. Na mara nyingi kulikuwa na mursik, maziwa ya kibuyu yenye rangi ya majivu, kwa sababu Mzee Birech wa Sugoi hakuja mikono mitupu hata siku moja. "Kunywa, Fundi, upate nguvu," alikuwa akimwambia Ouma. Ouma aliangalia ndani ya kikombe. "Mzee, hii si ni ya kupaka viatu?" Mzee Birech hakusikia, lakini aliona watu wanacheka, naye akacheka kwa nguvu kuliko wote.

Alikuwa mtu wa kucheka baada ya wengine. Wakati huo sikuelewa maana yake. Alikuwa mwembamba, amenyooka kama mlingoti, na ukimwita kwa nyuma hakugeuka. Ukisimama mbele yake alikutazama mdomoni kwa makini mpaka ukaona haya. Siku ya kwanza kabisa Ouma alimtumia kwa majaribio, akamjaza sikio la kulia unga uliokandwa, ule wa daktari wa meno, ili apate umbo lake, kama vile fundi viatu anavyochukua kipimo cha mguu. Mzee Birech alikaa bila kupepesa, unga ukikauka sikioni. Ulipotolewa akautazama mkononi mwa Ouma. "Hii ndiyo mimi?" akauliza. "Hiyo ni mlango wako tu, Mzee," Ouma akasema, akionyesha kwa vidole.

Mwanzoni tulikuwa na mashine ya kupimia, yenye vifaa vya kuvaa kichwani na vibonyezo. Mwezi wa pili ilikufa, kabla hatujajaza fomu hata moja. Ilipelekwa Nairobi kutengenezwa na mwaka ule haikurudi. Ndipo Daktari akaamua tutumie sauti yangu. Alichagua maneno ishirini, mengi yenye *s* na *f* na *sh*, kwa sababu, alivyonieleza, bunduki huanza kuua sauti nyembamba: mluzi, firimbi, ndege, herufi kama hizo. Sauti nene mtu huendelea kuzisikia, hivyo hudhani yu mzima. Mzee alikaa akitazama ukuta. Mimi nilisimama hatua sita nyuma yake, nikasema neno kwa sauti yangu ile ile, naye akalirudia. Nikaweka alama. Baada ya hapo nikamuuliza kama masikio yake yanalia, na nikaandika jibu kwa maneno yake mwenyewe. Daktari alisisitiza hivyo, maneno yao wenyewe. Mmoja alisema ni kama birika linalokaribia kuchemka. Mzee Njoroge wa Timboroa, mwenye mdomo kuliko wote, alisema ni upepo kwenye nyaya za simu, na kwamba ameusikia upepo huo ndani ya nyumba, kanisani, na siku ya kumzika mkewe. Aliniangalia nikiandika. "Huyu msichana anaandika kama mtu anapanda mahindi," akasema. "Shimo, mbegu. Shimo, mbegu. Tutakufa kabla hajafika mwisho wa shamba."

Alisema kweli. Shuleni nilikuwa wa mwisho kufunga daftari. Na Daktari alikuwa amenipa agizo moja ambalo nililiogopa kuliko mengine: kila jioni nichukue vipande ishirini vya karatasi vyenye yale maneno, nivitikise kwenye kopo, nivitoe kimoja kimoja, na niandike orodha mpya kwa mpangilio mpya, ili maneno ya kesho yasifanane na ya leo. Wiki mbili nilifanya. Ilinichukua muda mrefu sana, watu wamefunga milango, mwanga unaisha, mkono unauma. Wiki ya tatu, siku moja, nilitumia orodha ya jana. Nikajiambia kesho nitaandika mpya. Kesho yake nikajiambia vile vile. Orodha ile ilianza na fisi, shoka, kisu, chai, na ilimalizika na safari, na sikuandika nyingine tena.

Wazee walikaa kwenye benchi chini ya mabati, nje ya stoo, wakisubiri zamu. Daktari saa hiyo alikuwa mbele na wagonjwa wake, na Ouma mara nyingi alikuwa sokoni akitafuta waya. Mimi peke yangu ndiye niliyewasikia. Walikuwa wakinong'onezana, lakini walinong'ona kwa sauti ya kuita ng'ombe, kwa kuwa hakuna aliyejisikia wala kumsikia mwenzake. "Leo imekuwa gani?" Njoroge aliuliza aliyetoka. "Ile ile." "Fisi, shoka?" "Fisi, shoka. Kisu, chai." Kisha wakaanza kufundishana, miguu ikigonga saruji kama gwaride. Fisi, shoka. Kisu, chai. Asiyekumbuka alirudishwa mwanzo. "Wewe utatuangusha," Mzee Birech alimwambia mmoja aliyekwama kwenye sahani. "Kule porini ukisahau neno la siku ulipigwa risasi na watu wako."

Nimefikiria miaka mingi kwa nini walifanya vile, na jibu langu ni hili. Jeshini, daktari alikuwa mtu wa kukuondoa. Aliyepatikana na kasoro aliondolewa kwenye orodha, akabebeshwa mizigo au akarudishwa kwao bila kitu. Waliposikia kuna daktari anaandika majina ya askari wa zamani, walijua wanavyojua: orodha ni ya wazima. Daktari Makokha alikuwa amewaeleza. Alisimama mbele ya benchi lile mara tatu kwa macho yangu, akaeleza kwamba anayemtafuta ni asiyesikia, kwamba asiyesikia ndiye atakayesaidiwa. Alieleza vizuri, kwa upole wake, kwa ile sauti yake ya chini, mbele ya watu ambao shida yao ilikuwa hawasikii. Waliitikia wote kwa vichwa. Alirudi ndani akiwa ameridhika.

Basi wazee wakaanza kupita. Kumi na nane kwa ishirini, kumi na tisa, ishirini. Saa nane Daktari alikuja kuweka sahihi, na kila wiki uso wake ulizidi kukunjamana. "Watu hawa walikaa karibu na mizinga," alimwambia Ouma juu ya mkate wake. "Wanasikia kuliko mimi. Labda nimekosea tangu mwanzo." Ouma akasema huenda ni chumba, kimekuwa kizuri mno. Nilikuwa nimeshika kikombe cha mursik na nikakitazama. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini kuwataja wazee kulikuwa kujitaja mimi na orodha yangu, na zaidi ya hayo, niseme ukweli, nilipenda kuwaona wakitoka. Walitoka mle ndani kifua mbele. Mzee Birech alipopata ishirini yake alinipigia saluti. Kisha, nilipomuuliza kama masikio yanalia, akainama karibu nami. "Yanalia," akasema. "Ni kama mtu anapuliza parapanda mbali, na hamalizi. Mke wangu alikufa akiniambia jambo, na mimi nikasikia parapanda." Nilikuwa nimeanza kuandika. Akaweka kidole juu ya kalamu yangu. "Hiyo usiandike." Nikaandika: Hayalii.

Wale ambao hawakuishi miaka ile hawatajua habari ya firimbi. Saa kumi na mbili jioni bendera ilishushwa kwenye ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, na kabla haijashushwa askari alipuliza firimbi. Ukiisikia, ulisimama pale ulipo. Mwenye baiskeli alishuka, mama mwenye mtungi alisimama nao kichwani, watoto wakaacha mpira ukajiendea. Hakuna aliyecheza na jambo hilo. Jioni moja mwezi wa nane, Mzee Birech alikuwa akipita mbele ya ofisi ile na gunia la unga begani, akielekea kwenye gari la Sugoi. Firimbi ikapigwa. Barabara nzima ikaganda, na yeye peke yake akaendelea kutembea, amenyooka kama kawaida yake, mbele ya D.O. aliyekuwa amesimama kwenye ngazi. Askari akapiga kelele. Akaendelea. Askari akamfuata akampiga rungu nyuma ya magoti. Mzee, aliyehisi tu kwamba ameshambuliwa kwa nyuma, aligeuka akampiga ngumi askari yule, akaangusha kofia yake. Baada ya hapo walikuwa wanne juu yake.

Tulipata habari asubuhi. Ouma aliingia bila kuvua kofia. "Mzee Birech yuko ndani. Wanasema amedharau bendera na kupiga askari. Anapelekwa kortini, na hiyo maneno ya bendera si ya kufungwa wiki mbili." Daktari alifungua kabati akatoa faili ya Mzee Birech. Akaisoma akiwa amesimama. Nilijua kilichoandikwa kwa sababu mkono ulikuwa wangu. Maneno, ishirini kwa ishirini. Masikio, hayalii. Muhuri wa zahanati, sahihi ya Daktari. "Nilitaka kwenda kuwaambia ni kiziwi," Daktari akasema. "Lakini si kiziwi. Hii karatasi ikifika kortini itamfunga." Akaifunga faili. "Sijui alifikiria nini. Kiburi tu cha uzee." Akaanza kuirudisha kabatini.

Sijui nilisema kwa sauti gani, maana walinitaka nirudie. Nilirudia. Nikawaambia habari ya kopo, na orodha, na benchi. Ouma aligeuka akatazama trei zake ukutani. Daktari aliuliza tangu lini, nikasema tangu wiki ya tatu. Akauliza ni wangapi. "Wote," nikasema. Alikaa kwenye kiti cha wazee, kile cha kutazama ukuta. Nilingoja anitukane. Ingekuwa nafuu. Alisimama akachukua koti. "Lete orodha yako," akasema. "Twende."

D.O. alikuwa kijana, wa umri wa Daktari au chini yake, na fimbo nyeusi mezani. Picha ya Rais ilikuwa juu ya kichwa chake. Alisoma fomu mara mbili. "Muhuri huu ni wa nani?" "Ni wetu," Daktari akasema. "Na sahihi?" "Yangu." "Basi mzee anasikia. Serikali imesema anasikia." Daktari akamweleza kwamba kipimo kiliharibika, kwamba fomu si ya kweli. D.O. akatabasamu kidogo. "Uongo wenye muhuri wa serikali. Daktari, unajua unanipa kesi ya pili? Na hao wazee, wanakutana hapo kila siku kwa kibali gani?" Daktari akasema mimi ndiye niliyewasomea maneno. D.O. alinigeukia. "Wewe ndiye mwenye kuuliza? Haya. Tutauliza hapa."

Wakamleta Mzee Birech. Jicho moja lilikuwa limefumba na mdomo umevimba, na shati halina kifungo hata kimoja, lakini aliponiona, na karatasi mkononi mwangu, uso wake ulifunguka. Alielewa mara moja anachotakiwa kufanya. Alijigeuza mwenyewe akatazama ukuta, visigino pamoja, mikono ubavuni. Nilihesabu hatua sita nyuma. D.O. akaja akasimama kando yangu na kalamu, akaiweka juu ya neno la katikati ya orodha. Nikasema, "Sukari."

"Fisi," Mzee Birech akasema.

Kalamu ikahama. "Mshumaa," nikasema. "Shoka," akasema. "Soksi." "Kisu." Hakungoja. Alikuwa akienda kwa mwendo aliofundishwa na wenzake kwenye benchi, wa gwaride, na mimi nilikuwa polepole kama kawaida yangu, kwa hiyo neno la kumi alinipita. Askari wawili walioshika mlango walianza kucheka. Mmoja alijifunika mdomo kwa kofia. Mimi niliendelea kusema na yeye akaendelea kujibu, sauti zetu zikipishana hewani kama watu wawili wasiojuana barabarani, na nilipokuwa kwenye neno la kumi na tatu yeye alisema, kwa nguvu, "Safari," akagonga kisigino, akanyamaza. D.O. aliondoa kalamu yake. Daktari Makokha alikuwa akitazama sakafu.

Mzee Birech aligeuka. Akawaona askari wanacheka, naye akacheka, ule mdomo uliovimba ukachanika tena. Hakumtazama D.O. wala Daktari. Alinitazama mimi, mdomoni kwangu, kama alivyokuwa akitazama siku zote. "Nimepita?" akauliza.

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Chukueni kiziwi wenu," D.O. akasema. Lakini faili zote alizichukua yeye, na mimi ndiye niliyezibeba mpaka ofisini kwake mchana ule, na benchi likaondolewa chini ya mabati, na wiki iliyofuata askari walipita kuangalia kama wazee bado wanakuja. Hawakuja. Hakuna fomu iliyofika Nairobi. Hata zingefika zingesema nini? Zingesema watu wa Burma wanasikia vizuri kuliko daktari wao. Mwezi wa kumi na moja Daktari Makokha alipata barua ya uhamisho, kwenda wilaya ya mbali kaskazini, na Ouma akaanza kung'oa trei za mayai ukutani.

Kabla Daktari hajaondoka, rafiki yake wa ng'ambo alimtumia vifaa vitatu vya kusaidia kusikia. Kimoja kilikuwa cha Mzee Birech, kwa kuwa umbo la sikio lake lilikuwa tayari tangu siku ya kwanza. Ouma alilitengenezea kipande cha plastiki, chenye mikunjo yote ya sikio lile. Daktari aliniita. "Nilikuona ulivyotikisa kichwa," akasema. "Sikulaumu kwa hilo. Lakini kichwa kilimwambia amepita, na sasa mdomo umwambie ukweli. Asipojua ni kiziwi hatavaa hiki." Nilienda Sugoi siku ya pili yake. Nilimkuta mbele ya nyumba na majirani wawili, akiwahadithia kwa sauti kubwa jinsi D.O. mwenyewe alivyompima, mbele ya picha ya Rais, na ikabidi amwachilie. "Ishirini kwa ishirini," alisema aliponiona. "Muulizeni huyu, ndiye alikuwa anasoma." Mkwe wake alinipa chai na mahindi ya kuchemsha, na alinitazama kwa macho ya mtu anayejua. Nilitoa kifaa nikakiweka kwenye kiganja changu. Nikasema nilichotumwa kusema. Nilikisema kwa sauti yangu. Mzee Birech alitazama kile kifaa, akacheka, akanifunga vidole juu yake. "Mpe Njoroge," akasema. "Njoroge ni kiziwi kama jiwe. Mimi nilipita." Alijua kusoma, jeshi lilimfundisha. Nilikuwa na kalamu mfukoni na karatasi ya kufungia kifaa, na sikuandika. Nilimaliza chai yangu, nikasema, "Ndiyo, Mzee," nikarudi mjini.

Daktari alikuwa akifunga vitabu. "Amekataa?" "Amekataa." "Ulimweleza?" Nikasema, "Nilimweleza." Aliniangalia kidogo, yeye aliyeijua sauti yangu kuliko mtu yeyote, na hakuuliza tena. Kifaa chenyewe kilipewa mzee mwingine. Mzee Birech aliishi miaka tisa baada ya hapo, na nasikia mpaka mwisho alikuwa akiwaambia wajukuu wake habari ya ishirini kwa ishirini, na wao wakiitikia kwa vichwa.

Leo asubuhi nimefungua boksi. Orodha yangu imo, imekunjwa mara nne. Chini yake, ndani ya pamba iliyogeuka njano, kimo kile kipande cha plastiki cha Ouma, kisichoweza kuingia sikio la mtu mwingine yeyote. Kimefungiwa kadi kwa uzi, na kwenye kadi kuna mwandiko wa Daktari, mwembamba, ulioinama: *Birech. Sikio la kulia. Ameelezwa hali yake. Amekataa.* Miaka yote hiyo aliitunza hivyo, kama jambo lililothibitishwa. Nilitafuta kalamu. Kuandika siku hizi kunanichukua muda mrefu kuliko zamani. Nilikata neno moja kwa mstari, nikaandika juu yake, herufi moja moja, shimo, mbegu: *Hakuelezwa.*